Jenny Lind, Mwimbaji wa Uswidi

Jenny Lind alizaliwa tarehe 6 Oktoba mwaka 1820 katika mji wa Stockholm, nchi ya Uswidi. Wazazi wake hawakuwa wameoana bado, wala utoto wake haukuwa na raha. Alipopata miaka tisa hivi alikuwa akiketi dirishani akimwimbia paka wake; mtumishi wa mchezaji mmoja wa dansi akamsikia, akaenda kumwarifu bibi yake. Ndivyo Jenny alivyoingizwa katika shule ya jumba la kifalme la michezo.

Mwaka 1838, akiwa na miaka kumi na saba, alishika sehemu kubwa katika opera, yaani mchezo ambao maneno yake huimbwa. Watu wakamshangilia mno. Lakini sifa ile ikawa mzigo, maana aliimbishwa mara nyingi kupita nguvu zake, naye hakuwa amejifunza vema kuitawala pumzi. Hata alipotimiza miaka ishirini sauti yake ilikuwa imechakaa.

Basi mwaka 1841 akasafiri mpaka Paris kwa Manuel García, mwalimu mkuu wa waimbaji. Huyo alipomsikia hakukubali kumfundisha papo hapo. Alimwagiza akae majuma sita bila kuimba, hata kusema aseme kidogo tu. Fikiri, msomaji, urefu wa majuma yale kwa msichana asiye na riziki ila koo lake, naye hajui kama sauti itarudi! Ikarudi. Ndipo García akamfundisha upya, kama mtu anayeanza: kuvuta pumzi, kupanda na kushuka ngazi za sauti polepole. Kazi hiyo ilichukua miezi kama kumi.

Baadaye akasifiwa Ujerumani na Uingereza, akawa rafiki wa Felix Mendelssohn, aliyetunga Eliya akiikumbuka sauti yake. Mendelssohn alifariki mwaka 1847. Mwaka uliofuata Jenny akaimba Eliya huko London, na fedha zilizopatikana, kama pauni 1,000, zikawekwa kuwasomesha vijana watunzi wa muziki.

Mwezi wa Mei mwaka 1849, hajafika miaka thelathini, akaiacha opera kabisa. Watu wamebishana sana juu ya sababu. Mimi nadhani dhamiri yake ilikuwa na neno katika jambo hilo. Hakuacha kuimba. Mwaka 1850 akaenda Marekani kwa mapatano na P. T. Barnum ya dola 1,000 kwa kila tamasha, na sehemu kubwa ya mali hiyo akaitoa kwa maskini na kwa shule za bure za Uswidi. Huko Boston, mwaka 1852, akaolewa na mpiga piano Otto Goldschmidt.

Chuo cha kifalme cha muziki kilipofunguliwa London mwaka 1883, akawa mwalimu wake wa kwanza wa uimbaji. Hakuridhika na mwanafunzi mwenye koo zuri tu. Alidai wajue kusoma noti, kutamka maneno waziwazi, kupiga piano, na kujifunza walau lugha moja ya kigeni. Ndiye aliyejua jinsi sauti isiyofundishwa inavyoharibika.

Alifundisha mpaka mwaka 1886. Akafariki tarehe 2 Novemba 1887 karibu na Malvern, akazikwa huko. Mwaka 1894 likawekwa jiwe la kumbukumbu yake katika kanisa la Westminster, karibu na sanamu ya Handel.