Paul Kollsman: Mhandisi Aliyewawezesha Marubani Kujua Mwinuko wa Ndege

Msafiri anayeteremka kutoka nyanda za juu za Mbozi kwenda Kamsamba, wilayani Momba mkoani Songwe, huingia katika Bonde la Ziwa Rukwa, ambako mgandamizo wa hewa ni mkubwa kuliko alikotoka. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa altimeta, kifaa kinachomwonesha rubani mwinuko wa ndege, na ndiyo iliyomwingiza Paul Kollsman katika historia ya usafiri wa anga.

Kollsman alizaliwa mwaka 1900 katika mji wa Freudenstadt, Ujerumani. Alisomea uhandisi, kisha mwaka 1923 akahamia Marekani. Altimeta za wakati huo hazikutosha kumwongoza rubani aliyezingirwa na ukungu. Mwaka 1928 Kollsman alianzisha kampuni yake kwa mtaji wa dola 500, akaunda altimeta yenye gia ndogo zilizochongwa kwa usahihi kama za saa.

Septemba 24, 1929, rubani Jimmy Doolittle alikitumia kifaa hicho katika jimbo la New York, akaruka na kutua huku chumba chake kikiwa kimefunikwa asione nje.

Altimeta ya Kollsman ina dirisha dogo, linaloitwa kwa jina lake hadi leo, ambamo rubani huweka mgandamizo wa hewa uliopimwa wakati huo. Kosa la hektopaskali 10 hupotosha kipimo kwa takribani mita 80. Namba ikizidi ile halisi, altimeta huonesha kuwa ndege iko juu kuliko ilivyo, na mlima huwa karibu kuliko rubani anavyodhani.

Kosa hilo halizuiwi na ubora wa kifaa pekee, bali pia na nidhamu ya kufuata orodha ya ukaguzi. Orodha hiyo ilianza kupewa uzito baada ya ndege ya majaribio ya Boeing kuanguka Ohio mwaka 1935, kwa kuwa kufuli za usukani hazikufunguliwa. Novemba 20, 1974, ndege ya Lufthansa ilianguka ikiruka kutoka Nairobi, na watu 59 kati ya 157 wakafariki. Sehemu za mbele za mabawa zinazosaidia kuinua ndege hazikuwa zimefunguliwa, na ukaguzi wa kabla ya kuruka haukubaini hali hiyo.

Kollsman aliuza kampuni yake mwaka 1940 kwa dola milioni 4, na alifariki mwaka 1982. Nchini, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali ya hewa kwa usafiri wa anga. Hata hivyo, taarifa sahihi huwalinda abiria pale tu rubani anapoiweka namba hiyo ipasavyo na mwenzake kuihakiki, hata kama wameifanya kazi hiyo mara elfu.