Bibi Salme: binti aliyependa upanga kuliko sindano

Binti anataka kuchunga ng'ombe na kaka zake, hataki kusuka nywele. Mvulana anapenda kukaa jikoni na dada zake. Wazazi wengi, Basotu na kwingineko, huingiwa na hofu: je, mtoto ana ugonjwa wa akili? Maisha ya Bibi Salme wa Zanzibar yana funzo.

Utoto wake

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said, na mama yake aliitwa Jilfidan. Akiwa bado mdogo alihamia na mama yake kwa kaka yake Majid. Majid alimfundisha kutumia upanga na kulenga shabaha kwa bunduki. Mama yake aliogopa sana, maana alitaka kumwona ameshika sindano. Lakini hakumfukuza wala kumkatia upendo.

Wakati huo wasichana wa jumbani hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ilipojulikana, alilaumiwa. Hakuacha.

Kilichomuumiza

Baba yake alifariki mwaka 1856, na mama yake akafa kwa kipindupindu mwaka 1859. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 15, aliandika barua za siri za kaka yake Barghash, aliyetaka kumpindua Majid. Jaribio lilishindwa, na ndugu wengi wakamtenga.

Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete, na kuitwa Emily. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu. Alibaki ugenini na watoto watatu, mwenye huzuni na upweke. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Upanga na kalamu havikumdhuru. Kilichomuumiza ni misiba na kutengwa na ndugu.

Tunajifunza nini?

Salme aliishi maisha yake yote kama mwanamke. Wapo pia vijana wanaojihisi ndani yao kuwa si wa jinsia waliyozaliwa nayo. Katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, hali hiyo haihesabiwi tena kuwa ugonjwa wa akili. Na kupenda tu michezo, mavazi au kazi za jinsia nyingine si sababu ya kumpa mtoto jina la ugonjwa wowote.

Kwa hiyo usimpige, usimfungie ndani, wala usimpe dawa za akili ili abadilike. Kumlazimisha huongeza maumivu.

Mpeleke kituo cha afya ukiona:

- halali au hali vizuri kwa wiki mbili au zaidi;
- amejitenga, ameacha shule au vitu alivyovipenda;
- anajikata au kujiumiza;
- anasema anataka kufa. Hapo usimwache peke yake, mpeleke siku hiyohiyo.

Kinachotibiwa ni huzuni, hofu au usingizi uliopotea. Mweleze mhudumu dalili ulizoziona, na umwombe azungumze na mtoto faraghani. Kituo kikishindwa, omba rufaa hospitali kubwa kama Haydom, au Mirembe iliyoko Dodoma.

Mama, msikilize kwanza. Mtoto anayejua kwamba nyumbani anapendwa husema mapema anapoumia.