Abu Zayd al-Balkhi na Maradhi ya Nafsi

Ndugu msomaji, wajua kuwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mwanachuoni wa Kiislamu alishaandika juu ya magonjwa ya akili? Ni Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa yapata mwaka 850 karibu na Balkh, Afghanistan ya leo. Babake alikuwa mwalimu. Alisafiri Iraq, akasoma kwa al-Kindi, kisha akarudi kwao, akafariki 934.

Katika kitabu chake, Masalih al-Abdan wal-Anfus, alifundisha kwamba nafsi huugua kama mwili. Huzuni aliigawa mara mbili. Yenye sababu, kama kufiwa, hutibiwa kwa maneno na fikra njema. Isiyo na sababu aliona yatoka mwilini, basi mwili nao utibiwe.

Vidonge vya leo hakuviona. Klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa, 1952. Lakini somo lake latufaa hapa Rangwe. Jamaa yako akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usikimbilie kusema ati ni majini tu. Mwombee dua, na hospitali mpeleke. Ramadhan hii pia, asiache dawa ili afunge. Mgonjwa ana ruhusa ya kula. Amuulize daktari kwanza.