John Murray: hakuwa na digrii, akamaliza safari ya vilindini

Haya wadau, sisi wa Keza bahari tunaiona kwenye ramani tu. Leo nawaletea jamaa aliyeipima mpaka chini.

John Murray alizaliwa Kanada mwaka 1841, akahamia Uskochi bado kijana. Alisoma udaktari Edinburgh ila digrii hakuchukua. Mwaka 1868 akapanda meli ya wavuvi wa nyangumi kama daktari wao, akarudi na viumbe vya baharini kibao.

Desemba 1872 akaingia kwenye Challenger, meli ya kivita ya Uingereza. Mizinga karibu yote ilitolewa, maabara zikawekwa. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu na ya kuchosha: wanashusha kamba yenye uzito hadi chini, wanapima kina na joto la maji, wanavuta tope na viumbe. Kisha wanasonga mbele, wanaanza upya. Walifanya hivyo vituo 362! Mwaka 1875, Pasifiki ya magharibi, walipima kina cha zaidi ya mita 8,000. Yaani Kilimanjaro ungezama wote, na juu yake yabaki maji ya kilomita mbili.

Walirudi Mei 1876 baada ya kilomita zaidi ya 127,000. Wengi wangesema kazi kwisha. Wapi! Mizigo ya sampuli ilikuwa inasubiri kuchambuliwa. Bosi wao, Wyville Thomson, akafariki 1882, Murray akashika usukani. Serikali ikachoka kutoa hela, jamaa akaingia mfukoni mwake. Ripoti ilifika vitabu 50, cha mwisho kikatoka 1895. Hesabu mwenyewe: baharini miaka mitatu na nusu, mezani miaka 19.

Hakupumzika. Akageukia maziwa ya Uskochi, yeye na wenzake wakapima 562.

Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1914, lakini pesa alizoacha ziliendelea na kazi. Mwaka 1933 ziligharamia Mabahiss, meli ya Misri, kuchunguza Bahari ya Hindi hadi Mei 1934. Ilipita Mombasa na Zanzibar, na ndani yake walikuwemo wanasayansi wawili wa Kimisri.

Wadau, kwetu mtu akisafiri tunamsindikiza kwa vigelegele, akirudi hatuulizi daftari lake lina nini. Murray anakumbukwa kwa sababu alikaa chini akaandika. Haya, nani hapa anajua kina cha Ziwa Burigi letu? Mwageni maoni.