Renoir: vidole vilipinda, kazi haikusimama

Mtu akipinda vidole mpaka anashindwa kushika kikombe, majirani watasema amelogwa, ao ni uzee tu. Mchoraji Mfaransa Auguste Renoir aliishi na ugonjwa huo zaidi ya miaka 20, na hakuachaka kuchora.

Alizaliwa Limoges mwaka wa 1841, mtoto wa fundi wa kushona nguo. Wazazi hawakuwa na kitu. Kisha familia kuhamia Paris, kijana wa miaka 13 akatiwa kwenye kazi ya kupamba masahani na vikombe kwa rangi. Burashi ikaanza kumlisha pale. Baadaye, pamoja na Monet na wenzake, akabadilisha uchoraji wa Ulaya.

Alipokaribia miaka 50 na kitu, viungo vikaanza kuuma. Mwaka wa 1897 akaanguka na velo kule Essoyes, kijiji cha bibi yake Aline, akavunjika mkono wa kuume. Wengi walidhani ugonjwa ulitokea pale, lakini ulikuwa umekwisha kuanza. Ni ile rumatizimu ambapo mwili wenyewe unageuka kushambulia viungo vyake: vinavimba, vinakauka, vinapinda. Hakuna ulozi ndani. Dawa za leo zinazopunguza mwendo wa ugonjwa huo, Renoir hakuziona hata moja.

Alijitahidi na mazoezi, akirusha na kudaka mipira midogo ya ngozi, mpaka vidole vikakataa. Mwaka wa 1907 alinunua shamba la mizeituni huko Cagnes, kusini penye jua. Miaka michache kisha, ni kiti cha magurudumu tu.

Watu waliomzunguka ndio waliobeba ile kazi pamoja naye. Gabrielle, binti wa ukoo wa Aline aliyekuja kulea watoto, alimtayarishia rangi na kumtilia burashi katikati ya vidole. Mkono ulizungushiwa kitambaa. Si kwa kufunga burashi, sawa watu wanavyopenda kusimulia, ila kwa kulinda ngozi iliyokuwa imekuwa nyembamba sana. Turubai kubwa ilifungwa kwenye miti ya kuzungusha, ili sehemu anayotaka imfikie palepale alipokaa. Alipotaka kufanya sanamu, kuanzia mwaka wa 1913, kijana Richard Guino akawa mikono yake: mzee anaonyesha, kijana anafinyanga.

Inasimuliwa kwamba daktari mmoja alimsimamisha, akatembea hatua chache. Ilimaliza nguvu zake zote. Renoir akarudi kwenye kiti kwa kupenda, nguvu zibakie za kuchora.

Tuseme ukweli: yeye alikuwa na pesa ya kulipa wasaidizi. Vyama vya wagonjwa wa viungo havikuwapo bado. Kile kikubwa cha Marekani kilizaliwa mwaka wa 1948. Mama wa Bukavu ao Beni anayeishi kwa jembe hana Gabrielle nyumbani. Huyo aanzie kwenye kituo cha afya, ao kwa mtu wa kine, aulize kama kuna wengine wenye ugonjwa sawa wake. Watu watano wa benchi moja wanatosha. Likelemba nayo inaanza vile: siku ya kukutana, mazoezi ya pamoja, nani atamchotea nani maji wiki hii viungo vikivimba, na pesa kidogo ya usafiri wa kwenda kwa daktari. Ila kikundi kinachouzia wanachama wake dawa, kile ni duka.

Vita vya 1914 vilijeruhi watoto wake wawili, Pierre na Jean. Aline alikufa mwaka wa 1915. Mzee aliendelea, wengine wakimbeba asubuhi mpaka mbele ya turubai. Mwaka wa 1919 walimbeba na kiti chake ndani ya makumbusho ya Louvre, akaangalia tena kazi za wachoraji wa zamani aliowapenda. Alikufa Cagnes tarehe 3 Desemba mwaka uleule, akiwa na miaka 78. Picha kubwa ya wanawake wanaooga, aliyoimaliza kwa mikono ile, iko leo Paris, katika makumbusho ya Orsay.