Theodor Escherich

Theodor Escherich (Ansbach, Bavaria, 29 Novemba 1857 – Vienna, Austria, 15 Februari 1911) alikuwa daktari wa watoto na mtaalamu wa bakteria kutoka Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kugundua bakteria inayoitwa leo Escherichia coli. Pia alieleza bakteria za utumbo zenye umbo la msokoto, ambazo leo huhesabiwa katika jenasi Campylobacter na ambazo mbwa wa kufugwa ni mmojawapo wa wanyama wanaozibeba.

Maisha

Baba yake, Ferdinand Escherich, alikuwa daktari. Mama yake alifariki Theodor alipokuwa na umri wa miaka mitano. Alianza masomo ya tiba mwaka 1876, akasoma Strasbourg, Kiel, Berlin na Würzburg, akahitimu mwaka 1881. Mwaka 1884 alikwenda Napoli, Italia, kuchunguza mlipuko wa kipindupindu. Baadaye alifanya kazi Munich katika hospitali ya watoto.

Mwaka 1890 alihamia Graz, Austria, kama profesa. Mwaka 1892 alimwoa Margarethe Pfaundler, wakazaa mtoto wa kiume na wa kike. Mwana wao alifariki akiwa na umri wa miaka kumi kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Mwaka 1902 Escherich aliitwa Vienna kuongoza hospitali ya watoto ya Mtakatifu Anna. Mwaka uliofuata alianzisha chama cha kulinda watoto wachanga, akihimiza akina mama kunyonyesha. Alifariki kwa kiharusi.

Utafiti

Wakati huo watoto wachanga wengi wa Ulaya walikufa kwa kuhara, na chanzo hakikujulikana. Escherich alitumia mbinu za Robert Koch kuotesha bakteria kutoka kinyesi cha watoto. Aliona kwamba kinyesi cha kwanza cha mtoto aliyezaliwa hakina bakteria, bali huingia utumboni saa chache baadaye kutoka mazingira yake. Mwaka 1885 alieleza bakteria yenye umbo la kijiti aliyoiita Bacterium coli commune. Mwaka 1886 alitoa kitabu kuhusu bakteria za utumbo wa watoto wachanga.

Mwaka huohuo alieleza bakteria za msokoto alizoziona kwa hadubini katika utumbo mpana wa watoto waliokufa kwa kuhara. Hakuweza kuziotesha, hivyo jambo hilo likasahauliwa kwa muda mrefu. Ni katika miaka ya 1970 tu madaktari wa Ubelgiji na Uingereza walipofaulu kuziotesha kutoka kinyesi cha wagonjwa, na ikaonekana kwamba ni chanzo cha kawaida cha kuhara.

Jina la Escherichia lilipendekezwa mwaka 1919 na Aldo Castellani, aliyewahi kuchunguza ugonjwa wa malale nchini Uganda, pamoja na Albert Chalmers. Lilikubaliwa rasmi mwaka 1958.

Mbwa na binadamu

Aina nyingi za E. coli huishi utumboni bila madhara, kwa mbwa na kwa binadamu vilevile, lakini nyingine huleta kuhara au maambukizi ya njia ya mkojo. Campylobacter huambukiza watu hasa kupitia nyama ya kuku isiyoiva vizuri, maziwa yasiyochemshwa na maji machafu. Hata hivyo mbwa, hasa watoto wa mbwa, huweza kuzitoa katika kinyesi chao hata wakionekana wazima.

Mtu aliyeambukizwa hupata homa, maumivu ya tumbo na kuhara, pengine kwa damu. Wengi hupona katika muda wa wiki moja, lakini watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wamo hatarini zaidi. Kinga kuu ni kunawa mikono kwa sabuni baada ya kumshika mbwa au kuondoa kinyesi chake, na kutomlisha nyama mbichi.