Dijkstra, msomi aliyezifundisha kompyuta kungoja zamu

TUSEME mama mboga wa Kawangware ana Sh1,000 katika akaunti ya simu. Anamtumia mwanawe Sh800, na katika sekunde hiyo hiyo deni la Sh700 linakatwa kutoka akaunti hiyo. Maagizo hayo mawili yakisoma salio kwa pamoja, kila moja litaona Sh1,000 na kuamini kuwa pesa zinatosha. Zitatoka Sh1,500, na salio litakaloandikwa litakuwa Sh200 au Sh300, kutegemea agizo lililomaliza mwisho.

Kasoro ya aina hii haitokani na kuharibika kwa mtambo. Huzuka pale kazi mbili zinaposhika kitu kimoja bila kungojana. Miongoni mwa wasomi waliofichua chanzo chake na kuonyesha tiba, hakuna anayetajwa zaidi ya Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa Uholanzi aliyeaga dunia mwaka 2002.

Dijkstra alizaliwa mjini Rotterdam mnamo Mei 11, 1930. Babake alikuwa mwalimu wa kemia na mamake alikuwa mwanahisabati. Alisomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden, lakini kozi fupi aliyohudhuria Cambridge, Uingereza, mwaka 1951 ilimgeuza mawazo. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam kutunga programu za kompyuta. Kazi hiyo ilikuwa ngeni mno hivi kwamba alipofunga ndoa mwaka 1957, maafisa walikataa kuiandika kwenye cheti chake. Waliandika kuwa yeye ni mwanafizikia.

Wengi humkumbuka kwa mbinu ya kutafuta njia fupi kati ya miji miwili, aliyoibuni mwaka 1956 akiwa mkahawani na mchumba wake na kuichapisha mwaka 1959. Hata hivyo, mwaka huo wa 1959 alikamilisha pia tasnifu ya uzamifu kuhusu jambo lililomnyima raha. Mashine mpya iliweza kukatizwa wakati wowote ili ishughulikie jambo jingine. Alihofia makosa yasiyorudiwa, yale yanayotokea leo na kutoweka kesho mtu anapoyatafuta.

Alipokuwa profesa mjini Eindhoven, kuanzia 1962, yeye na wenzake wachache walijenga mfumo endeshi ulioweza kufanya kazi kadhaa kwa zamu. Mwenzake, Theodorus Dekker, alikuwa amepata suluhisho la kazi mbili tu. Mwaka 1965 Dijkstra alichapisha makala fupi iliyoonyesha jinsi kazi za idadi yoyote zinavyoweza kuzuiwa zisiingie pamoja mahali pasipostahili zaidi ya moja.

Alibuni pia chombo alichokiita semafori, jina aliloazima kwenye ishara za reli. Mkazi wa Nairobi hatapata taabu kuelewa. Kwenye reli ya zamani inayotoka katikati ya jiji na kupitia Kibera na Dagoretti kuelekea Kikuyu, njia ni moja. Treni ikiingia katika kipande cha njia, nyingine sharti ingoje hadi cha mbele kiwe wazi. Katika kompyuta, kazi inayotaka kubadilisha salio hufunga kufuli kwanza, husoma, huandika, kisha hufungua.

Lakini kufuli nazo zina hatari yake. Jioni, kwenye mzunguko wa Uhuru Highway na Kenyatta Avenue, kila gari likijipenyeza bila kuona pa kutokea, yote hukwama: kila dereva amekalia nafasi anayoihitaji mwenzake. Kazi mbili za kompyuta hunaswa vivyo hivyo, moja ikishika kufuli ya kwanza na kungoja ya pili, nayo nyingine ikishika ya pili na kungoja ya kwanza. Dawa mojawapo ni utaratibu: kila kazi ichukue kufuli kwa mfuatano ule ule.

Dijkstra alishikilia kuwa majaribio huonyesha makosa yaliyopo lakini hayathibitishi kwamba mengine hayapo. Alitaka usahihi uthibitishwe kwa hoja, kama katika hisabati. Wapo waliomwona mwenye majivuno na asiyejali ugumu wa kazi halisi. Hakujali sana. Aliandika zaidi ya hati 1,300, nyingi kwa kalamu ya wino, na kuzisambaza kwa wenzake.

Historia imempa haki kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1996 watengenezaji wa Linux waliuwekea kiini cha mfumo huo kufuli moja kubwa ili uweze kutumia prosesa kadhaa kwa pamoja. Ilikuwa salama lakini ilichelewesha kazi. Kuigawa katika kufuli ndogo, zikiwemo za sehemu zinazohudumia faili kupitia mtandao, kulimalizika mwaka 2011. Mnamo 2006 kiini hicho kiliongezewa chombo cha kuchunguza mfuatano wa kufuli. Hata hivyo, mwaka 2016 ilifichuliwa kasoro iliyojificha humo tangu 2007: kazi mbili zikikimbizana, mtumiaji wa kawaida angeweza kuandika ndani ya faili aliyoruhusiwa kusoma tu. Miaka tisa ya majaribio haikuinasa.

Dijkstra alipokea Tuzo ya Turing mwaka 1972. Alifundisha Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, kuanzia 1984 hadi alipostaafu 1999, kisha akarejea kwao Nuenen. Alifariki huko kwa saratani mnamo Agosti 6, 2002, akiwa na umri wa miaka 72.

Wakenya hawakuwa bado na M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, na ambayo mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015. Leo wanafunzi wa kompyuta wanajifunza semafori darasani. Mama mboga wa Kawangware huenda asilisikie jina la Dijkstra kamwe. Kwake inatosha kwamba Sh800 zimemfikia mwanawe, na deni, lililolazimika kungoja zamu, limekuta Sh200 na kukataliwa.